Miti Iliyochipuka Kabla ya Kristo: Somo Kutoka Mto Black

Kusini-mashariki mwa jimbo la North Carolina, nchini Marekani, kuna mti ulio hai ambao ulianza kukua karibu mwaka 605 kabla ya Kristo. Huo ndio mwaka ambao Nebukadreza, mfalme anayetajwa katika kitabu cha Danieli, alitawazwa kule Babeli. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, mti huo ulikuwa umetimiza miaka 2,100. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, ulikuwa bado unachipua majani mapya kila mwaka, na hadi leo unachipua.

Mti huo umesimama ndani ya kinamasi, kando ya mto mdogo uitwao Black. Maji hupanda hadi kwenye shina lake, hukaa kwa muda, kisha hushuka. Umeishi hivyo kwa zaidi ya miaka 2,600. Somo la toleo hili linaeleza jinsi umri huo ulivyojulikana, ni viumbe gani vinaishi katika msitu huo, na kwa nini mkaazi wa Kaunti ya Tana River, anayeishi kando ya mto mrefu zaidi nchini Kenya, ana jambo la kujifunza kutoka huko.

Mto wenye maji ya rangi ya chai

Bonde la mto ni eneo lote la ardhi ambalo mvua yake hutiririka hatimaye hadi kwenye mto mmoja. Mto Black ni sehemu ya bonde la Mto Cape Fear, ambalo lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 23,000 na liko lote ndani ya jimbo la North Carolina. Mto Black hupita katika kaunti za Sampson, Bladen na Pender, kisha huingia Mto Cape Fear juu kidogo ya mji wa Wilmington. Kutoka hapo maji huelekea Bahari ya Atlantiki.

Jina Black maana yake ni mweusi, na linatokana na rangi ya maji. Maji hayo si machafu. Mto huu hupita polepole katika nyanda tambarare zenye mchanga, na pembeni mwake majani na magome huoza ndani ya vinamasi. Majani hayo hutoa tanini, kitu kilekile kinachoyapa majani ya chai rangi yake. Ukichota maji hayo kwa glasi, utaona rangi ya chai isiyotiwa maziwa. Hayabebi matope mengi kama maji ya Tana wakati wa masika, kwa sababu mto hautokei milimani na ardhi yake haina mteremko mkali.

Ni mti wa aina gani?

Wengi wanajua mti wa saiprasi unaopandwa katika nyanda za juu za Kenya kwa ajili ya mbao na ua. Miti ya Mto Black ni ya ukoo huohuo, lakini ni aina tofauti. Saiprasi wa Kenya hubaki na kijani mwaka mzima. Saiprasi wa vinamasi wa Marekani hugeuka rangi ya kutu msimu wa baridi unapokaribia, kisha hupukutisha majani yote. Ndiyo maana wenyeji waliupa jina la saiprasi mwenye upara.

Shina lake ni pana sana chini na hupungua kadiri linavyopanda, mfano wa chupa. Kuuzunguka mti, mizizi huinua vichwa vya mbao juu ya maji. Watu huviita magoti. Wataalamu bado wanajadili kazi ya magoti hayo. Wako wanaosema huusaidia mti kushika imara katika tope laini, na wako wanaosema husaidia mizizi kupata hewa.

Jambo la muhimu zaidi kulifahamu ni jinsi mti huu unavyozaa. Mbegu zake huelea na kusafirishwa na maji ya mafuriko. Lakini mbegu haiwezi kuota ikiwa chini ya maji. Inahitaji maji yashuke, tope lenye unyevu libaki wazi, na mche upate muda wa kurefuka kabla ya mafuriko mengine kuufunika. Mafuriko yasipokuja, mbegu hazisambai, na miti ya nchi kavu huingia na kuchukua nafasi. Maji yakisimama mwaka mzima, hakuna mche utakaoota. Msitu huu unaishi kwa zamu ya maji: kupanda kwake na kushuka kwake.

Umri wake ulijulikanaje?

Anayetaka kujua umri wa mti huu hana haja ya kuukata. David Stahle, mtaalamu wa pete za miti kutoka Chuo Kikuu cha Arkansas, alianza kuchunguza miti ya Mto Black katika miaka ya 1980. Yeye na wenzake hutumia kekee ya mkono yenye tundu ndani. Hupekecha shina hadi karibu na kiini, kisha huchomoa kijiti chembamba kama penseli. Mti hupona jeraha hilo dogo na kuendelea kukua.

Kwenye kijiti hicho huonekana mistari. Katika nchi zenye majira ya baridi, mti hukua haraka msimu wa joto na kusimama wakati wa baridi, na kila mwaka huacha pete moja. Lakini kuhesabu pete peke yake hakutoshi. Mwaka wa shida mti unaweza kukosa kuweka pete, na mwaka mwingine unaweza kuweka pete ya uongo. Kwa hiyo wataalamu hulinganisha mti mmoja na mingine mingi. Ikiwa miti kadhaa ya eneo moja inaonyesha pete mbili nyembamba, kisha moja pana, kisha tatu nyembamba, mpangilio huo hutumika kama alama ya kidole. Miti iliyoishi pamoja hubeba alama zilezile, na ule uliokosa pete hugunduliwa.

Mwaka 1988 Stahle na wenzake walichapisha katika jarida la Science kumbukumbu ya hali ya hewa ya North Carolina iliyofika nyuma hadi mwaka 372 baada ya Kristo. Wakati huo ilijulikana kwamba baadhi ya miti ya Mto Black imepita miaka 1,600. Mwaka 2019 walichapisha matokeo mapya kutoka sehemu nyingine za msitu huohuo. Mti mmoja ulikutwa na umri wa angalau miaka 2,624, na mwingine angalau miaka 2,088. Vipimo vya kaboni vilithibitisha hesabu ya pete.

Neno "angalau" lina uzito hapa. Miti mingi ya zamani imekuwa na mvungu ndani. Kiini, yaani miaka ya kwanza ya maisha yake, kimeshaoza. Huenda basi ipo mingine iliyo mikubwa kwa umri kuliko hiyo. Hata hivyo, kwa umri uliothibitishwa, hii ndiyo miti hai ya kale zaidi inayojulikana mashariki mwa Amerika Kaskazini, na hakuna mti wa ardhi oevu popote duniani unaojulikana kuwa na umri mkubwa zaidi.

Daftari la mvua na ukame

Pete pana huonyesha mwaka wa mvua nzuri. Pete nyembamba huonyesha ukame. Hata mti unaosimama kinamasini huhisi mvua inapokosekana. Kwa hiyo shina lake ni daftari ambalo limeandikwa mwaka baada ya mwaka, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuweka kipimo cha mvua katika eneo hilo.

Daftari hilo limewahi kueleza jambo lililowashangaza wanahistoria. Mwaka 1587 walowezi zaidi ya mia moja kutoka Uingereza walifika kisiwa cha Roanoke, katika pwani ya North Carolina ya leo. Meli iliporudi mwaka 1590 haikukuta mtu. Mwaka 1607 kundi jingine lilianzisha makao ya Jamestown, Virginia, na wengi wao wakafa kwa njaa na maradhi. Kwa miaka mingi walowezi hao walilaumiwa kwa uzembe na maandalizi duni.

Mwaka 1998 Stahle na wenzake walichapisha uchunguzi wa pete za saiprasi wa kale kutoka mito iliyo karibu na mpaka wa Virginia na North Carolina. Miti hiyo ilionyesha kwamba kipindi cha 1587 hadi 1589 kilikuwa na ukame mkali kuliko miaka yoyote mitatu katika muda wa miaka 800. Makao ya Jamestown nayo yalianzishwa katikati ya ukame wa miaka saba, kuanzia 1606 hadi 1612. Walowezi walifika wakati ambapo hata wenyeji wa asili, waliokuwa na ujuzi wa ardhi hiyo, walikuwa na chakula kidogo.

Mpangaji wa leo hupata somo hapo. Kipimo cha miaka 50 au 100 hakiwezi kuonyesha ukame ambao huja mara moja katika karne kadhaa. Mti unaweza.

Viumbe wanaotegemea msitu huo

Mti unapozeeka na kuwa na mvungu, mfanyabiashara wa mbao huuona umeharibika. Kwa wanyama, huo ndio wakati unapoanza kuwa nyumba.

Kuna popo mwenye masikio makubwa ambaye hulala ndani ya mvungu wa miti hii na kutoka usiku kula wadudu. Kuna bata wa msituni anayetaga mayai kwenye matundu ya juu, mbali na nyoka na maji. Kuna ndege mdogo wa manjano ambaye naye hutaga ndani ya matundu ya miti iliyo juu ya maji. Ndege huyo huja Mto Black wakati wa kuzaliana tu. Msimu wa baridi huruka hadi Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika Kusini, ambako hukaa katika misitu ya mikoko. Mikoko ikikatwa huko, watu wa North Carolina huona ndege wachache zaidi kwao.

Chini ya miti, fisi-maji huwinda samaki. Dubu weusi hupita wakitafuta matunda na mahali pa kujificha. Majini wamo kome wa maji baridi ambao ni adimu, akiwemo mmoja aliyepewa jina la Mto Cape Fear, pamoja na aina ndogo ya kambare isiyopatikana katika mito mingi. Kome hula kwa kuchuja maji. Wakizidiwa na matope au kemikali, hufa mapema kabla ya samaki. Kwa hiyo mahali penye kome wengi wenye afya, maji yake yana afya.

Kwa nini miti hii haikukatwa?

Mbao za saiprasi wa kinamasi haziozi upesi. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni za mbao ziliikata kwa wingi kote kusini mwa Marekani ili kutengeneza mashua, nguzo na vigae vya paa. Misitu mingi ya kale ya aina hii ilikwisha. Kilichobaki leo ni sehemu ndogo sana.

Miti ya Mto Black iliponea kwa sababu ya ubaya wake machoni pa wakataji. Vilele vyake vimevunjwa na dhoruba. Mashina yake yamepinda na kuwa na mivungu. Haikuwa na ubao mrefu ulionyooka, na kuifikia kulihitaji kupita kinamasini. Wakaiacha.

Leo shirika la uhifadhi la The Nature Conservancy linamiliki au kulinda zaidi ya ekari 15,000 katika bonde hilo. Ardhi nyingine ni ya watu binafsi. Lilipotokea pendekezo la kufanya sehemu ya mto kuwa hifadhi ya jimbo, baadhi ya wamiliki wa ardhi walipinga, wakihofia wageni wengi kupita katika mashamba yao. Uhifadhi ulihitaji mazungumzo na watu wanaoishi pale, kama unavyohitaji kila mahali.

Hatari zinazotoka juu na zinazotoka chini

Mti ulioshinda dhoruba za miaka 2,600 unaweza kuuawa na mambo yanayofanyika mbali nao.

Kutoka juu ya bonde huja uchafu. Kaunti ya Sampson ni miongoni mwa kaunti zenye nguruwe wengi zaidi Marekani. Samadi yao huhifadhiwa katika mabwawa ya wazi. Kimbunga Florence kilipoingia Septemba 2018, mji wa Elizabethtown, katika Kaunti ya Bladen, ulipata zaidi ya milimita 900 za mvua. Mabwawa mengi ya samadi katika mashariki mwa jimbo yalifurika na maji yake kuingia mitoni.

Kutoka nje huja soko. Miti ya misitu ya vinamasi kusini mwa Marekani bado hukatwa, na sehemu yake husagwa na kushindiliwa kuwa kuni ndogo zinazosafirishwa Ulaya kuchomwa katika mitambo ya umeme.

Kutoka chini huja chumvi. Miti hii mikongwe imesimama mita chache tu juu ya usawa wa bahari. Saiprasi wa kinamasi huvumilia mafuriko lakini havumilii chumvi. Usawa wa bahari unapopanda, na mkondo wa bandari unapochimbwa uwe na kina kirefu zaidi kwa ajili ya meli, maji ya chumvi hupanda mtoni. Katika sehemu za chini za Mto Cape Fear tayari kuna vichaka vya saiprasi waliokufa wakiwa wamesimama, weupe, bila majani. Wamarekani huiita misitu ya mizimu.

Mto Tana na somo hili

Tana si Black. Chimbuko lake ni Mlima Kenya na safu za Aberdare, na hubeba tope jekundu umbali wa takriban kilomita 1,000. Miti yetu mingi pia haiweki pete za mwaka zinazosomeka kwa urahisi, kwa kuwa tuna misimu miwili ya mvua. Hata hivyo, mito hii miwili inaendeshwa na kanuni moja.

Kwanza, misitu ya kando ya Tana nayo huishi kwa zamu ya maji. Ndiyo makao ya nyani wawili wadogo wasiopatikana porini popote pengine duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabey wa Tana. Hifadhi yao ilitangazwa mwaka 1976. Mabwawa ya juu, hasa Masinga lililokamilika mwaka 1981, yalitupatia umeme na pia yalipunguza mafuriko makubwa ya msimu ambayo huotesha miti michanga na kurutubisha mashamba ya kingoni.

Pili, chumvi imeshafika kwetu. Wakulima wa Ozi, karibu na Kipini, wanaijua. Mto unapopungua nguvu, bahari huingia, na mashamba ya mpunga na miembe hukauka. Wanachokiona Ozi ni kile kinachoua saiprasi kule Cape Fear.

Tatu, mafuriko yana mahali pake. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023 na ya masika ya 2024 yaliwaondoa watu wengi makwao kando ya Tana, na hakuna anayeweza kuwaambia waliopoteza nyumba kwamba maji ni baraka. Lakini ardhi oevu iliyo na miti ndiyo inayopokea maji hayo na kuyapunguza kasi. Ikifyekwa, maji hutafuta njia nyingine, mara nyingi hadi vijijini. Kanuni za maji nchini hutaja ukanda wa kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande wa mto, kutegemea upana wake, ambao haupaswi kulimwa wala kujengwa. Ukanda huo ni nafasi ya mto kupumua, na ni kinga ya jirani aliye chini yako.

Mambo ya kukumbuka

- Bonde la mto ni kitu kimoja. Kinachomwagwa juu hufika chini, na chumvi ya chini hupanda maji ya juu yanapopungua.
- Msitu wa kingoni unahitaji maji yapande na pia yashuke.
- Mti wenye mvungu una kazi. Usiukate kwa sababu tu haufai kwa mbao.
- Mti uliokatwa leo unaweza kupandwa tena, lakini miaka yake haipandwi.

Maswali ya kujadili barazani, shuleni au katika chama cha watumiaji maji

1. Ni mti upi wa kale zaidi kando ya mto katika kijiji chenu? Wazee wanasema ulikuwa na ukubwa gani walipokuwa watoto?
2. Maji ya mafuriko ya 2023 na 2024 yalifika wapi? Wekeni alama ya kudumu kwenye nguzo au ukuta wa shule, pamoja na tarehe, ili watakaozaliwa baadaye waione.
3. Katika sehemu yenu, ukanda wa kingoni umelimwa hadi wapi? Nani ataathirika kwanza maji yakija?
4. Kwa wakaazi wa delta: chumvi ilifika wapi katika kiangazi kilichopita, na miaka 10 iliyopita ilifika wapi?

Majibu ya maswali haya yaandikwe na kuhifadhiwa na chifu, shule au chama. North Carolina ilikuwa na mti wa kuandika daftari lake kwa miaka 2,624. Hapa kwetu, daftari hilo litaandikwa na watu.